Diski za Nyuma na Jiwe la Jikoni

Gari langu ni dogo, la gia za mkono, rangi yake zamani ilikuwa nyeupe, na kwa miaka mingi lilikuwa na ugonjwa mmoja ambao sikuuhesabu kuwa ugonjwa: handbreki yake ilikufa. Nikiegesha kwenye mteremko naliacha kwenye gia, nashuka, nafungua buti, natoa jiwe, naliweka nyuma ya tairi, basi. Nusu ya Kigoma tunaegesha hivyo. Wengine wakiondoka wanayaacha mawe yao katikati ya barabara, na hao nikiwakuta nawasema mpaka watu wanageuka kutazama. Mimi langu nalibeba. Ni figa la mama mkwe wangu, jiwe la jikoni, jeusi upande mmoja kwa masizi ya miaka na miaka, naye alinipa mwenyewe siku alipokubali kupikia gesi. Limenichafulia magauni mengi, lakini halijawahi kuniangusha.

Niseme mimi ni nani. Mimi ni bibi shamba, mzaliwa wa Njombe, nililetwa huku na kazi nikadhani nitakaa kidogo nihamishwe. Nikaolewa Ujiji. Mume wangu ni mtu wa hapo hapo, mababu zake walitoka ng'ambo ya ziwa, na hajui kuendesha hata baiskeli, kwa hiyo dereva wa nyumba ni mimi. Mama yake tunaishi naye. Ni mtu mfupi, mweupe wa meno, mchache wa maneno, sikio moja limekufa na la pili linachagua.

Huyo mama ana dada mmoja tu duniani. Dada huyo, mkubwa wake, aliolewa Simbo, kwa wakulima Waha, tangu akiwa msichana, na huko amezeekea kwenye michikichi yake. Siku hizi miguu imemkataa, na tangu alipougua koo sauti yake nayo imekwisha, anaongea kwa kunong'ona. Sasa hebu fikiria watu hao wawili kwenye simu. Mmoja hasikii, mwingine hasikiki. Wajukuu wa Simbo wanashika simu upande ule, mimi nashika upande huu, mama mkwe anapiga kelele kuuliza, "Anasemaje?" na mimi namtafsiria maneno ambayo hata mimi sijayasikia vizuri. Kila mara tulikuwa tunakata simu huku yeye amenuna. Njia pekee ya hao wawili kuongea ilikuwa wakutane, na wa kwenda alikuwa mama mkwe, na cha kumpeleka kilikuwa gari langu. Simbo kwenyewe si mbali.

Shida ni kwamba mama mkwe alikuwa amekula kiapo hapandi tena gari langu.

Mambo yalianza hivi. Alikuwa na siku ya kwenda kuonyesha macho hospitali, na kwa kumheshimu nikaamka mapema nikalipeleka gari kuoshwa. Kwetu gari linaoshwa ziwani. Unalishusha mpaka ufukweni, unaliingiza majini matairi yote manne, vijana wanakuja na sabuni na matambara, wewe unakaa juu ya mtumbwi uliogeuzwa unapigwa na upepo. Nimelipenda jambo hilo tangu nilipofika. Njombe kuna mito, lakini hakuna mahali ambapo gari linaogeshwa kama ng'ombe. Basi likang'aa, nikampeleka mama, tukaonana na daktari, tukaanza kurudi. Kwenye mteremko wa kutoka mtaa wa Mwanga mbuzi wakakatiza. Nikakanyaga breki, na tairi moja la nyuma likang'ata peke yake. Gari likageuka ubavu, likaenda kama kaa, likaishia kwenye lundo la mchanga wa mtu anayejenga. Mbuzi wazima, sisi wazima. Mama mkwe alishuka, akajifunga kanga vizuri, akasimamisha bajaji. Kwa nyonga zake mbovu, bajaji ile haikuwa safari, ilikuwa adhabu. Alilala kitandani siku kadhaa baada ya hapo. Lakini alichosema ni kuhusu gari langu tu, kwamba humo hatapanda tena, na mume wangu asimbembeleze.

Nilikasirika, sikufichi. Kwanza nilikasirikia mbuzi, halafu mwenye mbuzi, halafu nikaenda gereji kumkasirikia fundi.

Fundi wangu ni Muha wa Kasulu, mtu wa maneno mengi, anayetengeneza gari huku akikueleza alivyotengeneza magari mengine. Alinyanyua gari kwa jeki, akafungua tairi la nyuma, akagonga dramu kwa nyundo mpaka ikatoka. Ee! Mchanga ulimwagika kama mtu amefungua mfuko, na ndani ya mchanga konokono, vile vigamba vidogo vidogo vya ziwani ambavyo watoto wanachezea. Fundi alivikusanya kwenye kiganja akaiita gereji nzima ivitazame. Akanieleza, na hapo alieleza vizuri, kwamba dramu ni sufuria iliyofunikwa, kinachoingia hakitoki. Maji ya ziwa yanaingia, mchanga unaingia, vile viatu vya breki vinavyotanuka ndani vinasagika upande mmoja, siku moja upande huu unang'ata na ule unateleza. Dramu zenyewe zilikuwa zimekwisha kwa ndani. Za kubadilisha hakuwa nazo, ila alikuwa na wazo.

Nyuma ya gereji yake kulikuwa na gari lililogongwa, ndugu wa gari langu, la mwaka mmoja nalo ila la injini kubwa. Mbele lilikuwa limekunjamana, nyuma zima, na nyuma lilikuwa na breki za diski. Diski iko wazi, akasema. Bamba la chuma linazunguka, kalipa inalibana huku na huku kama unavyoshika mkate kwa vidole viwili. Ikiingia maji inayatupa, ukiingia mchanga unadondoka. Tungeng'oa habu zote mbili, yaani vitovu vya magurudumu, diski, kalipa na mipira yake ya mafuta, tukafunga kwangu. Nikamuuliza kama ameshawahi kufanya. Akasema atakuwa ameshafanya tukimaliza.

Nilikubali kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hiyo ya maji, maana kuliacha ziwa sikuwa tayari. Ya pili, nilitaka kitu kipya ambacho mama mkwe atakiona kwa macho yake, kinachong'aa, nimwambie: tazama, breki si zile.

Nilikuwa naenda gereji kila nikitoka kazini, na niseme kweli, nilifurahi siku zile. Napenda kutazama chuma kikiingia mahali pake. Habu za gari lile zilikaa kwenye langu bila ubishi, boliti nne kila upande, mpaka fundi akaanza kuimba. Aliacha kuimba alipotaka kurudisha tairi. Rimu zangu zilikuwa ndogo, zikagonga kalipa, tairi likakataa kuingia. Basi ikabidi tuchukue na rimu za gari lile, zote nne, na spea yangu ya zamani mpaka leo inafaa mbele tu. Kisha tukatoa upepo kwenye breki. Hiyo kazi ni ya watu wawili: mimi ndani nakanyaga, yeye chini na spana na chupa, ananiambia kanyaga, shikilia, achia. Tuligombana sana kuhusu maana ya kushikilia. Mwishowe mafuta yalitoka bila povu, pedali ikawa ngumu juu juu, na tulipokwenda kulijaribu gari lilisimama limenyooka, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka nikacheka peke yangu barabarani.

Wakati huo ujumbe ulikuwa umetoka Simbo. Dada mtu alikuwa amepata homa, imempiga, amepungua, na amesema mdogo wake aambiwe kwamba amechoka kumngoja. Mume wangu alimweleza mama yake maneno hayo kwenye sikio lile linalochagua. Alisikia yote. Aliingia chumbani akafunga mlango.

Kwa hiyo siku niliyoleta gari nyumbani nilikuja kama mtu aliyeleta mahari. Uchochoro wetu umeinama kuelekea ziwani, na mama mkwe alikuwa barazani anachagua mchele. Niliegesha, nikaweka jiwe, nikamsalimia, nikamwomba aje aone. Alikuja na fimbo yake. Majirani nao wakaja, maana kwetu hakuna gari linalofunguliwa boneti bila mashahidi. Nikachuchumaa nikamwonyesha diski kupitia matundu ya rimu, ilivyong'aa, nikamweleza habari ya sufuria iliyofunikwa na bamba lililo wazi, nikamweleza na konokono. Alisikiliza. Akauliza swali moja tu, gari likiwa limesimama nini kinalishika. Nikamwonyesha jiwe. Akaniambia nilitoe.

Nilitoa. Kwa kuziamini kabisa breki mpya niliingia, nikavuta handbreki, ambayo sikuwa nimeivuta tangu ilipokufa, nikaweka gia huru ili aone vizuri, nikashuka. Mkono ule ulikuwa umepanda mpaka juu bila kushika chochote, mwepesi kama kijiko kwenye uji, na mimi sikuona ajabu. Gari likafikiri kidogo. Halafu likaanza kurudi nyuma polepole, kwa adabu, likashuka uchochoro hadi kwenye mkeka wa jirani aliyekuwa ameanika dagaa. Nilikimbia nikaingia na kukanyaga breki, likasimama papo hapo juu ya dagaa. Diski zilifanya kazi yake sawasawa.

Watu walicheka mpaka wakashikana. Jirani alikuwa anaokota dagaa huku ananitaja kwa majina ambayo si yangu. Mama mkwe peke yake hakucheka. Alisubiri kelele zipungue, akaniambia maneno ambayo nilitakiwa niyasikie miaka mingi kabla.

"Wewe ukishuka kutoa jiwe, mimi humo ndani ananishika nani?"

Niliweka gia, nikashuka nikarudisha jiwe nyuma ya tairi. Alichosema ni kweli. Kila nilipompeleka mahali, wakati wa kuondoka nilikuwa namwingiza kwanza, kwa taratibu, mguu mmoja, nyonga, mguu wa pili, namfungia mlango, kisha nazunguka nyuma kutoa jiwe. Gari hapo linarudi kidogo, hatua moja hivi, mpaka gia ilishike. Mimi niliyeko nje naona ni hatua moja. Yeye aliyeko ndani, kizee, miguu haimtii, amefungiwa, dereva hayupo, anahisi dunia inarudi nyuma na hajui itakoma wapi. Alikuwa amelivumilia jambo hilo safari zote hizo kwa ajili ya heshima, na siku ya mbuzi ilimpa tu sababu ya kusema basi. Wala hakuogopa mwendo. Na hakuna aliyemuuliza, sote tulidhani tunajua.

Nilimpigia fundi simu nikiwa nimechemka. Nikamuuliza handbreki iko wapi. Akasema, kwa mshangao kabisa, "Lakini mama, wewe si una jiwe?"

Hapo nikakumbuka. Tulikuwa tumelala chini ya gari lile pamoja, nimeshika tochi, nimeona kwenye kila kalipa kile kimkono kidogo kinachosubiri waya wa handbreki, na nimemuuliza hicho ni cha nini. Aliniambia ni cha handbreki, nyaya zangu za dramu haziingii hapo, na za gari lile zilikatika lilipogongwa. Nikasema haya. Tukaendelea. Watu wawili wazima, wote tumeishi Kigoma mpaka tumesahau kwamba gari lina njia yake ya kusimama peke yake. Nilimwambia sasa jiwe limestaafu, atafute nyaya.

Kigoma hazikupatikana. Tuliagiza Dar es Salaam, zikaja na treni, na muda wote tulipokuwa tunazisubiri sikuwa na raha. Simu ikilia kutoka Simbo nilikuwa naiogopa. Homa ilipanda, ikashuka, wakasema anakula, wakasema hali. Mama mkwe alikuwa ameanza kufua na kukunja nguo zake za safari bila kumwambia mtu, nikaona kifurushi juu ya sanduku, na hapo ndipo nilipoacha kumkasirikia mtu yeyote. Nilimwomba Mungu treni isichelewe. Nyaya zilipofika niliziendea stesheni mwenyewe, nikampelekea fundi zikiwa bado kwenye mfuko zilimokuja, na alifunga siku hiyo hiyo, bila kuimba.

Safari hii sikuhubiri. Asubuhi iliyofuata nilisimamisha gari kwenye uchochoro, nikavuta handbreki, ikalia kra kra kra na kukaza mkono wangu, nikaweka gia huru, nikashuka, nikasogea pembeni. Jirani alikuwa ametandaza mkeka wake mbali, upande wa juu. Mama mkwe alikuja akalitazama gari. Akaweka kiganja kwenye boneti akasukuma. Akasukuma kwa fimbo. Kisha akageuka akaweka mgongo, kizee yule, akasukuma kwa mwili mzima mpaka mtandio ukamwanguka, na gari halikwenda popote. Aliuokota, akaingia ndani ya nyumba, akatoka na kifurushi.

Aliniambia jiwe nalo liwemo.

Tuliondoka asubuhi ile ile. Mume wangu alibaki kazini, tulikuwa mimi na yeye tu, yeye nyuma na jiwe kwenye buti, na chupa ya asali na kitenge kipya kwa ajili ya dada yake. Barabara ya Simbo nilikwenda nayo polepole, kila mteremko nabonyeza breki kidogo ili ajue zipo. Baadaye nilipotazama kwenye kioo nilikuta amefumba macho. Nikadhani anasali. Alikuwa amelala.

Nyumba ya dada yake iko juu ya kijilima, na uwanja wake umeinama hasa, kiasi kwamba kuku wakikimbia kwenda chini hawasimami vizuri. Nilisimamisha gari pua ikitazama juu, nikavuta handbreki, nikashuka, na mikono yangu kwa mazoea ikafungua buti ikatoa jiwe. Mama mkwe aliniona kupitia dirishani akaniuliza nalipeleka wapi. Nikamwambia nyuma ya tairi. Akasema nilitupe hapo pembeni, nikitaka nilikalie. Nikaliweka pembeni.

Wajukuu walimtoa dada mtu nje, wamemnyanyua na kiti chake. Alikuwa amebaki mdogo sana, kichwa na macho. Nilifungua mlango ili nimsaidie mama mkwe ashuke, akautazama ule mteremko, akajitazama nyonga, akasema kushuka na kupanda tena ni kazi bure, mleteni humu. Basi wakamwingiza kwa upande wa pili, wakamkalisha karibu naye. Wakashikana mikono. Nilitegemea kilio, lakini wao walikaa tu wanatazamana, na mama mkwe akamrekebisha mwenzake kanga kichwani.

Kisha dada mtu akaanza kunong'ona. Hapo jirani kuna mashine ya kukoboa, ilikuwa inanguruma, watoto wamejaa, kuku, na mimi nikaona uso wa mama mkwe ukibadilika, ule uso wa kwenye simu. Akasema hasikii. Akainama akasogeza sikio, akasema tena hasikii. Nilijua sasa atanigeukia, anataka nimtafsirie, na mimi nilikuwa sijasikia kitu. Akaniambia nifunge milango, na vioo vyote.

Nikafunga. Nikazungusha kioo cha mwisho mpaka juu, nikasimama nje, mkono juu ya paa la gari. Ndani midomo ya dada mtu ilikuwa inacheza, pole pole, karibu na sikio. Mashine ikabaki huku nje na sisi. Halafu nikaona mama mkwe ametupa kichwa nyuma, mdomo wazi, meno yake yote meupe, anacheka, na ameanza kujibu. Alikuwa amesikia. Waliongea vile mpaka mapaja yangu yakachoka kusimama, na muda wote mguu wangu wa kulia, hata kama nilikuwa nje, ulikuwa unatafuta pedali.

Mama mkwe aliniona. Alishusha kioo kiasi cha vidole viwili.

"Bado umesimama hapo? Nenda ukale, mwanangu. Sisi tumeshikwa."

Akapandisha kioo. Wenyeji walikuwa wameshaandaa ugali na maharage ya mawese, wananiita. Niliingia ndani nikanawa, nikakaa mkekani nikala, na sikugeuka kulitazama gari mpaka sahani ilipoisha.